Fokasi inayoyumba kwenye picha za mpira: soma nyasi kwanza, menyu baadaye

Malalamiko huja kwa sura ileile: kamera mpya isiyo na kioo cha ndani (mirrorless), lenzi ya milimita 70-200 au 100-400, mechi ya saa kumi jioni, na katika mfululizo wa picha 20 za winga anayekimbia, sita tu ndizo kali. Mara nyingi mwenye kamera huwa ameshabadilisha mambo matano kwenye menyu kabla hajazitazama vizuri zile 14 zilizokosa. Hapo ndipo kazi inapoharibika, kwa sababu picha iliyokosa ndiyo inayoeleza kosa liko wapi. Usiifute.

Kabla ya kugusa chochote

Ifungue picha kwenye kompyuta kwa asilimia 100. Skrini ya nyuma ya kamera ni ndogo, na picha yoyote iliyopunguzwa huonekana kali. Kisha acha uso wa mchezaji, shuka miguuni pake, utazame nyasi.

- Ukiona ukanda wa nyasi ulio mkali mbele yake au nyuma yake, fokasi ilitua mahali pengine. Hili ndilo tatizo halisi la fokasi.
- Nyasi za miguuni kali, kifua kikali, ila viatu, mikono na mpira vimeacha mkia: shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia) ni ya polepole. Fokasi haina kosa.
- Kila kitu, pamoja na mabango, kimevutwa kuelekea upande mmoja: mkono ulitikisika.
- Hakuna ukanda mkali popote, na chokaa ya mstari wa pembeni inaonekana imepindapinda kama inachemka: ni mvuke wa joto.

Sehemu kubwa ya kesi huishia hapa. Kwa mpira wa miguu anza na shata ya 1/1000 ya sekunde, na kukiwa na mwanga wa kutosha panda hadi 1/1600 au 1/2000. Kwenye 1/500 kiwiliwili kinaweza kutoka vizuri huku mguu unaopiga mpira umefutika, na lawama zote zikaenda kwa fokasi.

Ni vizuri pia kujua unachoidai kamera. Lenzi ya milimita 200, tundu lake likiwa f/2.8, mchezaji akiwa mita 10, hukupa kina cha ukali cha kama sentimita 40 tu kwenye sensa kubwa (full frame). Lenzi ya 400 f/2.8 kwa mita 20 ni vilevile. Mchezaji anayekujia kwa kasi ya mita 8 kwa sekunde husogea sentimita 80 kati ya picha na picha ukipiga 10 kwa sekunde. Maana yake kila picha inahitaji fokasi mpya, tena kamera ikisie atakapokuwa shata ikifunguka. Picha mbili tatu kukosa katika mbio za moja kwa moja kuja kwako si ugonjwa. Kumi na nne kati ya ishirini, hapo kuna kitu.

Dalili: fokasi inaruka kwenda kwa mashabiki, mabango au mwamuzi

Hii huripotiwa sana, na chanzo cha kwanza ni eneo la fokasi kuwa pana mno. Ukiacha kamera itumie fremu nzima, unaiachia ichague kati ya watu 22, waamuzi na jukwaa lililojaa. Punguza. Tumia nukta moja yenye nukta za msaada pembeni, au kanda ndogo isiyozidi upana wa mchezaji mmoja na nusu. Iweke kifuani, kwenye namba au nembo ya jezi, maana hapo kuna rangi mbili zinazokutana, na kifua hakiyumbi kama kichwa.

Chanzo cha pili ni utambuzi wa uso na jicho. Ni msaada mkubwa mchezaji akiwa peke yake na uso wake unaonekana. Kwenye kona, watu tisa wakiruka pamoja, hukimbilia uso wowote ulio wazi, na huo mara nyingi ni wa beki wa nyuma au shabiki wa safu ya kwanza. Usiuzime moja kwa moja. Weka kitufe kimoja cha kuuwasha na kuuzima, uutumie mchezaji akiwa wazi na uuache watu wakisongamana.

Kwenye jua la utosini, kama la saa saba mchana Dar es Salaam au Mombasa, kuna jambo la ziada ambalo miongozo mingi huliruka. Jua likiwa juu kabisa, macho ya mchezaji yanazama kwenye kivuli cha paji la uso. Kama amevaa jezi nyeupe, kamera hupima ile jezi na kuishusha picha nzima. Uso mweusi ulio kivulini unabaki bila tofauti za mwanga ambazo utambuzi wa jicho unazihitaji, na kisanduku cha fokasi kinaanza kurukaruka kati ya kichwa, bega na mtu wa nyuma. Ongeza mwanga kwa +0.7 hadi +1, piga RAW (faili ghafi), na uchunge jezi isiungue. Tofauti utaiona papo hapo kwenye kitazamio: kisanduku kinatulia.

Chanzo cha tatu ni wepesi wa kuhama, yaani kamera isubiri muda gani kabla ya kumwacha mlengwa mtu mwingine anapokatiza mbele. Kwa soka kamera ing'ang'anie. Angalia sana namba, kwa sababu hazifanani kati ya kampuni na kampuni:

- Sony: AF Track Sens huenda 1 hadi 5, na 1 ndiyo ya kung'ang'ania. Jaribu 2.
- Nikon: Blocked shot AF response nayo ni 1 hadi 5, lakini kinyume. Hapa 5 ndiyo ya kung'ang'ania. Jaribu 4.
- Canon: Case 2 imetengenezwa kwa ajili ya vizuizi vinavyokatiza. Ukirekebisha mwenyewe, upande wa kutoa (−) ndio wa kung'ang'ania.
- Fujifilm: chagua seti ya 2 kwenye mipangilio ya AF-C (fokasi inayofuatilia mfululizo).

Aliyehama kutoka Nikon kwenda Sony akaweka 4 kwa mazoea amejiletea ugonjwa mwenyewe. Ukisaidia mtu, liulize hili mapema.

Mwisho ni wavu wa goli. Nyuzi zake ni mistari mikali iliyo karibu nawe, na kamera huipenda kuliko kipa aliye nyuma yake. Ukikaa nyuma ya goli, tumia nukta moja ndogo, zima utambuzi wa uso, ulenge kupitia tundu la wavu. Kwa uzio wa seng'enge, kama ulivyo kwenye viwanja vingi vya shule, isogeze lenzi karibu kabisa na waya na ufungue tundu la lenzi hadi mwisho; waya utayeyuka.

Dalili: picha ya kwanza kali, zinazofuata zinazidi kufifia

Angalia kwa mpangilio huu.

Kwanza, kamera iko kwenye AF-S, au One Shot kwa Canon. Inashika mara moja na kufunga. Michezo ni AF-C, ambayo Canon huiita Servo. Hutokea zaidi kwenye kamera ya kuazima au baada ya kutoka kupiga picha za harusi.

Pili, fokasi imehamishiwa kwenye kitufe cha AF-ON cha nyuma na kidole gumba kimeteleza. Ukikiachia, fokasi inasimama hata kama shata inaendelea kulia. Ishara yake ni kwamba mchezaji anapita kwenye ukanda mkali, anautoka, na ule ukanda wa nyasi haubadiliki katika picha zote. Jasho na joto huchangia. Kama gumba halikai, irudishe fokasi kwenye kibonyezo cha shata, hakuna aibu.

Tatu, kasi ya mfululizo iliyochaguliwa haifuatilii fokasi kabisa. Kamera kadhaa hufunga fokasi kwenye picha ya kwanza zikiwa kwenye kasi ya juu kupita zote. OM-1 ya OM System ni mfano mzuri: kasi yake ya SH1 hupiga hadi picha 120 kwa sekunde kwa fokasi iliyofungwa, SH2 hupiga hadi 50 huku ikifuatilia. Shuka ngazi moja kisha ujaribu tena. Kuna pia kamera ambazo hufunga fokasi kwenye picha ya kwanza ukipunguza tundu la lenzi kupita f/8 au f/11, kutegemea modeli. Kwa michezo hakuna sababu ya kufika huko.

Nne, lenzi yenyewe. Lenzi za zamani zinazotumia adapta hutofautiana mno. Lenzi za EF za Canon juu ya adapta ya EOS R hufanya kazi vizuri. Lenzi za zamani za AF-D za Nikon juu ya adapta yake ya FTZ hazina otofokasi kabisa, kwa kuwa hazina mota ndani. Lenzi ya kampuni moja kwenye kamera ya kampuni nyingine, kupitia adapta ya kati, inaweza kutulia kwa kitu kilichosimama na kushindwa kwenye mfululizo wa haraka. Hiyo haitengenezeki kwa menyu.

Dalili: picha mbili tatu za mwanzo zimefifia, kisha zinaingia

Hapa kamera haikupewa muda. Anza kufuatilia nusu sekunde hadi sekunde moja kabla ya tukio, na kibonyezo kikiwa nusu, ili kamera ijue kasi ya mchezaji. Ukikandamiza shata ghafla mpira ukiwa tayari hewani, unaomba kisichowezekana.

Kisha tazama kipaumbele. Menyu ya AF-C huamua kama shata ifunguke hata fokasi haijashika, au isubiri. Nikon huja kutoka kiwandani ikiwa kwenye kufungua bila kusubiri. Ukiweka ya kusubiri fokasi, picha zitapungua lakini zilizo kali zitaongezeka. Kwa Sony ipo ya katikati, Balanced Emphasis, na wengi huishia hapo.

Dalili: lenzi inakwenda mbele na nyuma bila kushika

Kwanza swichi ya umbali kwenye lenzi. Ikiwa kwenye FULL, lenzi ikipoteza mlengwa husafiri hadi umbali wa karibu kabisa kisha inarudi, na bao limeshaingia. Iweke kwenye upande wa mbali, kwa mfano mita 3 hadi ∞. Ni sekunde moja ya kazi.

Kama lenzi imebaki kwenye umbali wa karibu na mchezaji yuko mita 40, sensa huona ukungu mtupu na haijui iende upande gani. Zungusha pete ya fokasi kwa mkono kumkaribia mchezaji, au lenga nyasi zilizo jirani naye, kisha rudi kwake.

Halafu kuna jambo la mistari ya mlalo. Sensa nyingi za kamera hizi hutafuta fokasi kwa kulinganisha mistari ya wima; ya mlalo haziioni sawasawa. OM-1 na Canon EOS R1 ni baadhi ya zinazosoma pande zote mbili. Unaweza kujithibitishia nyumbani. Elekeza nukta ndogo ya katikati kwenye ukingo wa meza uliolala mlalo kabisa, kitu kingine kisiwemo ndani ya nukta. Lenzi ikihangaika, inamisha kamera kidogo, kama nyuzi 20, na itashika. Uwanjani mambo ni yaleyale: jezi yenye mistari ya mlalo, mwamba wa goli, ubao wa matangazo. Inamisha kidogo, geuza kamera wima, au hamishia nukta kwenye namba ya mgongoni.

Telekonveta (kikuza-lenzi kinachowekwa kati ya lenzi na kamera) ya mara mbili hula hatua mbili za mwanga: f/2.8 inakuwa f/5.6, na f/5.6 inakuwa f/11. Jioni, itoe. Picha iliyokatwa kidogo kutoka kwenye fokasi safi inashinda kubwa iliyokosa.

Dalili: fokasi inakatika ghafla katikati ya mchezo, kisha inarudi

Tazama mkono wa kushoto kabla ya kuushuku umeme. Lenzi nyingi ndefu zina vitufe pembeni mwa mwili wake, na kwa kawaida kazi yake ni kusimamisha fokasi. Kiganja kinachoibeba lenzi hukandamiza kimoja bila mtu kujua. Kizime au ukipe kazi nyingine kwenye menyu.

Kama si kitufe, huenda ni viunganishi vya dhahabu kati ya lenzi na kamera. Canon huonyesha Err 01 mawasiliano yakikatika. Zima kamera, toa lenzi, elekeza mdomo wa kamera chini, na ufute viunganishi kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi. Uchafu ukikataa, lowesha kona ya kitambaa kwa tone la isopropili, kamwe usiimimine. Usitumie kifutio cha penseli: kinakwangua dhahabu na makombo yake huangukia kwenye sensa.

Kadi ya polepole nayo huigiza ugonjwa huu. Hifadhi ya muda ikijaa, mfululizo unakwama, ufuatiliaji unapotea, nawe unadhani fokasi imekata. Taa ya kadi ikiwaka mfululizo, ndiyo hiyo. Piga vipande vifupi vya picha sita hadi kumi.

Dalili: picha zote laini kidogo, fokasi ikiwa imeonyesha kushika

Mchana wa jua kali, mshukiwa wa kwanza ni joto linalopanda kutoka ardhini, hasa juu ya lami, nyasi bandia au njia ya kukimbilia. Lenzi ya 600 bora duniani haiwezi kuona vizuri kupitia hewa inayochemka. Dawa ni kusogea. Acha kupiga kutoka goli moja hadi jingine. Subiri mchezo uje ndani ya mita 30. Jua likishuka tatizo huondoka lenyewe.

Kisha toa filta ya kinga, hasa ya bei rahisi, upige tena bila hiyo. Futa lenzi, mafuta ya jua na vumbi jekundu hutengeneza utando. Mwisho mulika ndani ya lenzi kwa tochi: nyuzi kama za buibui ni ukungu wa fangasi. Pwani, hali hii hutokea sana kwa lenzi zinazolala kwenye begi. Zitunze kwenye kisanduku kilichofungwa chenye silika, unyevu wa asilimia 40 hadi 50.

Usiku chini ya taa

Fungua tundu la lenzi hadi mwisho, shata 1/1000, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) ipande inapotaka. Picha yenye chembechembe hutumika gazetini, iliyofifia haitumiki. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa zisizotulia hupepesa mara 100 kwa sekunde, na picha moja inakuwa na giza huku inayofuata ina mwanga. Washa kinga ya kupepesa na utumie shata ya kimakanika. Ya kielektroniki huelekea kuleta mistari.

Jaribio la kutenganisha mpigaji, mipangilio na kifaa

Rudisha mipangilio ya fokasi kama ilivyotoka kiwandani, ukiwa umeihifadhi yako kwanza. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani penye mwanga mzuri, weka kamera kwenye stendi, zima kitulizaji cha mtikisiko, tumia nukta moja. Piga mara kumi, na kila mara vuruga fokasi kwa mkono kabla ya kushika upya. Halafu nje: mtu akimbie taratibu kuja kwako kutoka mita 40 hadi 10, AF-C, shata 1/2000, tundu wazi, nukta ndogo, utambuzi wa uso umezimwa. Mara tatu.

Gazeti likiwa kali mara zote kumi na mkimbiaji akikosa, shida ni mipangilio, mbinu au mota ya lenzi. Washa kitu kimoja kimoja na uhesabu upya kila mara. Gazeti likikosa bila mpangilio, shuku viunganishi, adapta au lenzi. Upande mmoja wa ukurasa ukiwa mkali na mwingine umefifia, nawe umehakikisha kamera imeukabili ukuta sawasawa, kioo cha lenzi kimehama. Rudia kwa lenzi nyingine kabla ya kuilaumu kamera. Na kabla ya kuhitimisha, sasisha programu endeshi ya kamera na ya lenzi, betri ikiwa imejaa. Ikizimika katikati ya kusasisha, kamera inaweza isiwake tena.

Acha hapa, peleka kwa fundi

Lenzi iliyoanguka na sasa inakwaruza, pete ya fokasi inayokwama, harufu ya kuungua, maji ya chumvi, fangasi ndani, Err 01 inayorudi baada ya kusafisha, au kioo kilichohama. Usiifungue. Lenzi hizi hupangwa kwa mashine, na skrubu moja ikilegezwa bila kipimo hukusababishia gharama ya pili. Ikiingia maji ya bahari, toa betri, usiiwashe kujaribu, na usiicheleweshe hata siku moja, maana chumvi hula viunganishi ikiwa imekaa.

Kugongagonga kwa vioo ndani ya lenzi wakati kamera imezimwa si lazima kuwe ubovu. Lenzi zenye mota za mstari hazishikilii vioo vyake bila umeme. Washa kamera: sauti ikipotea, lenzi ni nzima.

Unapokwenda kwa fundi, beba kamera pamoja na lenzi, si kimoja, na picha tano za jaribio la gazeti na tano za mkimbiaji, faili asili zisizohaririwa. Fundi akiona ukanda mkali ulipotua, na shata, tundu na nukta ya fokasi vikiwa bado ndani ya faili, hatahitaji kukisia.